Picha ya ubongo ni jibu la hesabu

Ghala la korosho la chama cha msingi lina vyumba vinne, viwili mbele na viwili nyuma. Milango imefungwa na ufunguo huna. Unachopewa ni jumla tu: vyumba vya mbele vina magunia 50, vya nyuma 90, vya upande wa kushoto 70, vya kulia 70. Kila chumba kina magunia mangapi?

Anza na sifuri kila mahali. Gawa 50 ya mbele sawasawa: 25 na 25. Gawa 90 ya nyuma: 45 na 45. Sasa kagua upande wa kushoto: 25 na 45 ni 70. Kulia vilevile 70. Jumla zote nne zimekubali, na mtu angeweza kufunga daftari hapo. Lakini ghala lenyewe lina 10 na 40 mbele, 60 na 30 nyuma. Jumlisha uone: 50, 90, 70, 70. Maghala mawili tofauti kabisa yametoa vipimo vilevile.

Ongeza kipimo cha mshazari. Mbele kushoto na nyuma kulia vina jumla ya 40. Mshazari mwingine una 100. Makisio yetu yanasema 70 na 70. Mshazari wa kwanza umezidi kwa 30, basi punguza 15 kila chumba. Wa pili umepungukiwa na 30, ongeza 15 kila chumba. Matokeo ni 10, 40, 60, 30. Ghala limefunguka bila ufunguo.

Nimeanza na magunia kwa sababu ndugu wengi wanaotoka Liwale, Newala au Nanyumbu, huku kusini mwa Tanzania, kumleta mgonjwa kupigwa picha ya kichwa huamini kwamba mashine imechungulia ndani kama kamera. Kamera haipo. Mashine imepima jumla, kisha ikakokotoa. Kwa hiyo kila picha ya ubongo ina maswali mawili nyuma yake: nini kilipimwa, na nini kilikisiwa pale kipimo kilipokosekana.

Tuanze na CT, kipimo cha eksirei inayozunguka kichwa. Mwale wa eksirei hupita kichwani, na kigunduzi upande wa pili hupima kilichobaki. Uwiano wa kilichotoka na kilichofika huchukuliwa logi (logarithimu), na namba inayopatikana ni jumla ya vyote vilivyouzuia mwale njiani: ngozi, fuvu, ubongo, damu. Hisabati ya kurudi kutoka kwenye jumla hadi kwenye kitu chenyewe iliandikwa na Johann Radon wa Austria mwaka 1917, bila kuwaza hospitali. Mwanafizikia wa Afrika Kusini, Allan Cormack, aliifikia kwa njia yake mwenyewe baada ya kufanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, akachapisha mwaka 1963 na 1964. Godfrey Hounsfield akaijenga mashine Uingereza, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Mashine hiyo ilichukua vipimo 160 katika kila pembe, pembe 180, yaani vipimo 28,800, kuunda picha ya vyumba 80 kwa 80. Ni ghala letu lilelile, ila lina vyumba 6,400. Cormack na Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Kwa miongo mingi mashine za CT zimetumia njia ya mkato. Kila kivuli kilichopimwa hupakwa kurudi nyuma kwenye njia ileile ya miale, na vivuli vyote vikijumlishwa picha inatokea. Tatizo ni kwamba kila nukta huacha mkia kwenye kila njia iliyoipitia, na picha inakuwa na ukungu. Ndiyo maana vivuli huchujwa kwanza. Chujio kali huonyesha kingo na ufa mwembamba wa fuvu, lakini hukuza kelele, yaani chengachenga zisizo za kweli, kiasi kwamba ubongo unaonekana kama uji wenye mchanga. Chujio laini hutuliza ubongo na kuficha ufa. Fundi mzuri huunda picha mbili kutoka vipimo vilevile, moja ya mfupa na moja ya ubongo. Mgonjwa haongezewi mionzi hata chembe, kwa sababu kinachorudiwa ni hesabu tu. Sharti ni kwamba data ghafi, yaani vipimo vyenyewe kabla ya kukokotolewa, bado imo mashineni. Nitarudi kwenye hilo.

Namba zinazotoka zina kipimo chake, kilichopewa jina la Hounsfield. Hewa ni -1000, maji ni 0, ubongo mweupe ni kama 20 hadi 30, ubongo wa kijivu kama 37 hadi 41, damu iliyomwagika karibuni ni kama 60 hadi 80, mfupa ni mamia hadi zaidi ya 1000. Jicho haliwezi kutofautisha rangi elfu mbili za kijivu, basi tunachagua dirisha. Kwa ubongo dirisha la kawaida lina upana wa 80 na kitovu cha 40: chochote chini ya 0 ni cheusi tupu, chochote juu ya 80 ni cheupe tupu. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi anaweza kuwa na ukanda mwembamba wa damu umejibana kwenye fuvu. Kwa dirisha hilo damu na mfupa vyote vinakuwa vyeupe na damu inapotea machoni. Panua dirisha hadi upana wa 200 hivi, kitovu 80, na ukanda unajitokeza. Filamu iliyochapishwa ina dirisha moja lililogandishwa; ukipewa filamu peke yake, nafasi hiyo imekwisha. Omba faili zenyewe kwenye diski.

Kuna jambo moja ambalo kwa mikoa yetu lina uzito wake. Weupe wa damu kwenye CT unatokana hasa na himoglobini. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, himoglobini chini ya gramu 8 hadi 10 kwa desilita, damu yake iliyomwagika inaweza kulingana rangi na ubongo na isionekane. Malaria, selimundu na uzazi vinatupa wagonjwa wa namna hiyo. Karatasi ya maombi ya kipimo iandikwe himoglobini, siyo umri na jina tu. Hata kwa mtu mwenye damu ya kutosha, damu iliyo nje ya ubongo hufifia, na kati ya wiki ya kwanza na ya tatu huwa inafanana na ubongo. Hapo angalia mikunjo ya ubongo kama imesukumwa mbali na fuvu, maana rangi haitakusaidia.

Dosari za CT zinajirudia, ukizijua hazikuchanganyi. Mviringo kama wa jiwe lililotupwa majini ni kigunduzi kimoja kilichopotoka: kwa kuwa kinazunguka pamoja na bomba la eksirei, kosa lake linachora duara. Dawa yake ni kusawazisha upya kwa hewa, na kama duara linabaki, kigunduzi kibadilishwe. Utepe mweusi kati ya mifupa miwili ya masikio, unaokatiza shina la ubongo, unatokana na miale dhaifu kumezwa na mfupa mnene ikabaki ile yenye nguvu tu, na hesabu ikadhani njia ile ina kitu chepesi. Ugonjwa mahali pale usithibitishwe wala kukanushwa kwa CT peke yake. Kila asubuhi mtungi wa maji wa majaribio upigwe picha kabla ya mgonjwa wa kwanza: wastani wake uwe karibu na 0, usipishane kwa zaidi ya 5 hivi. Kipimo hicho cha dakika chache kinaonyesha ugonjwa wa mashine kabla haujaingia kwenye kichwa cha mtu.

MRI, kipimo kinachotumia sumaku, ni habari nyingine, na ndiko utafiti wa kuunda picha ulikohamia kwa kishindo. Hapa hakuna kivuli. Protoni za maji, yaani viini vya hidrojeni, ndani ya sumaku huzunguka kwa kasi ya megahezi 42.58 kwa kila tesla moja, tesla ikiwa ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Kwenye sumaku ya tesla 1.5 ni megahezi 63.87. Koili, antena ya waya iliyo karibu na kichwa, inasikia mlio wao, na data ghafi ni rekodi ya mlio huo, iliyopangwa kwenye jedwali ambalo watu wa fani hii huliita uwanja wa k. Badiliko la Fourier, hesabu inayohusisha kitu na mawimbi yanayokiunda, ndilo linaloligeuza jedwali kuwa picha.

Uwanja wa k haufanani na picha, na hapo wengi hukwama. Nukta moja ndani yake haiwakilishi sehemu moja ya ubongo. Inahusu ubongo mzima. Mwangalie mchongaji wa Kimakonde. Kwanza kwa shoka na tezo anatoa umbo kubwa: kichwa hapa, mabega pale. Mwisho kabisa patasi nyembamba inachora mkunjo wa jicho na chale za shavuni. Katikati ya uwanja wa k ni kazi ya shoka: umbo, weupe na weusi. Pembezoni ni kazi ya patasi nyembamba. Ukitupa pembezoni unabaki na ubongo wenye ukungu. Ukitupa katikati unabaki na mistari ya kingo bila mwili. Na cheche moja ya umeme, nukta moja tu iliyoharibika, hupaka mistari ya mshazari kwenye picha nzima.

Uwanja huo hujazwa mstari kwa mstari, na muda ndio gharama. Mistari 256, nusu sekunde kwa mstari, ni sekunde 128. Ukirudia mara nne ili kupunguza kelele unafika dakika 8 na nusu, na faida yake ni mara mbili tu, kwa kuwa ubora hukua kwa kipeuo cha pili cha marudio. Mtoto mwenye degedege hatulii dakika 8. Kichwa kikisogea, mistari ya mwanzo inaeleza kichwa kimoja na ya mwisho kichwa kingine, na picha inajaa vivuli vinavyojirudia.

Kwa nini tusiruke mistari? Tunaruka, lakini namna ya kuruka ndiyo kila kitu. Ukiruka mmoja mmoja kwa mpangilio, picha inajikunja: pua inatokea kisogoni. Koili nyingi zilizozunguka kichwa zinaweza kuikunjua, kwa sababu kila koili husikia zaidi upande wake. Kazi hiyo ilielezwa na Klaas Pruessmann na wenzake mwaka 1999. Ukiruka kwa kubahatisha, mkunjo unavunjika na kuwa kama kelele iliyotawanyika. Hapo ndipo Michael Lustig, David Donoho na John Pauly walipoingia mwaka 2007. Waliona kwamba picha ya ubongo ikiandikwa kwa viwimbi, mafungu madogo ya mawimbi ya ukubwa mbalimbali, namba chache tu ndizo kubwa na nyingine zote karibu na sifuri. Kelele haina tabia hiyo. Kwa hiyo tafuta picha inayokubaliana na vipimo na yenye viwimbi vichache. Huo ndio mshazari wa ghala letu, isipokuwa safari hii haukupimwa. Umekisiwa.

Anayetaka kulijaribu hili anahitaji kompyuta ya kawaida, lugha ya programu ya Python na data ghafi halisi. Mkusanyo wa fastMRI, uliotolewa na wanasayansi wa New York University pamoja na Facebook kuanzia mwaka 2018, una data ghafi za ubongo. Chukua koili moja kwanza. Katika mistari 256 bakiza 64: 24 ya katikati yote, na 40 iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ikizidi kupungua kadiri unavyoenda pembezoni. Palipo wazi weka sifuri, geuza kuwa picha. Igeuze picha kuwa viwimbi, kisha kila namba ya kiwimbi isogeze kuelekea sifuri kwa kiasi fulani kidogo. Iliyo ndogo kuliko kiasi hicho iwe sifuri kabisa. Rudi kwenye picha, rudi kwenye uwanja wa k, na ile mistari 64 uirudishe kama ilivyopimwa. Rudia mara 50 hadi 100. Kiasi cha kusogeza anza na asilimia 1 ya namba kubwa kuliko zote.

Yatakayokukwamisha ni haya. Picha ikitoka imekatwa vipande vinne na katikati ya ubongo ipo kwenye kona, umesahau kuhamisha kitovu kabla na baada ya badiliko la Fourier. Picha ikitoka na pacha wake aliyepinduka juu chini, ulihifadhi sehemu halisi ya namba ukatupa sehemu yake ya kufikirika. Data ya MRI ni namba changamani, yaani kila moja ina sehemu hizo mbili, na zote mbili zinahitajika. Ubongo ukiwa na mabaka laini kama umepakwa rangi kwa brashi, kiasi cha kusogeza ni kikubwa mno. Mistari ya kubahatisha ikipangwa sawasawa bila kukolezwa katikati, hakuna marudio yatakayokuokoa.

Kuna kosa lingine la kimyakimya, na ni kubwa kuliko hayo. Mwanafunzi asiye na data ghafi huchukua picha zilizokamilika, huzigeuza kuwa uwanja wa k, hufuta mistari, kisha hufurahia jinsi njia yake inavyozirudisha. Picha hizo zilikwisha kuchujwa, kupanuliwa kwa sifuri, pengine hata kubanwa. Urahisi ulikuwa ndani yake tayari. Efrat Shimron na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba matokeo ya namna hiyo huwa mazuri kupita ukweli, na njia ileile huanguka ikipewa data halisi. Ningependa kila msimamizi wa tasnifu aulize swali hili kabla ya lingine lolote: data hii imetoka koilini au imetoka kwenye picha?

Sasa akili mnemba. Badala ya viwimbi, mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa mifano, hufundishwa kwa maelfu ya picha, na mapengo ya uwanja wa k hujazwa kwa mazoea hayo. Kasi yake ni ya ajabu na picha ni safi. Lakini dhana yake sasa ni kwamba ubongo huu unafanana na bongo ambazo mtandao uliziona. Vegard Antun na wenzake mwaka 2020 walionyesha kwamba baadhi ya mitandao ilifuta vitu vidogo vilivyokuwepo, na mingine ilizidi kuharibika ilipoongezewa vipimo. Nani alikuwa kwenye mafunzo? Mara nyingi watu wazima wa Marekani au Ulaya. Mtoto wa Tandahimba mwenye selimundu hakuwemo.

Mtoto huyo ndiye anayenifanya niwe mkali. Kiharusi cha kimya cha selimundu huhesabiwa kuanzia doa la milimita 3. Kwenye picha yenye pikseli (nukta za picha) za milimita 0.9, doa hilo ni pikseli kama 9 kati ya 65,536. Alama za ubora zinazochapishwa kwenye makala, zile za wastani wa picha nzima, hazitikisiki hata kidogo pikseli 9 zikifutwa. Kwa hiyo usiridhike na alama. Chukua data ghafi kamili, ongeza ndani yake doa bandia la milimita 3 na lingine la 5, sehemu kumi tofauti, kisha futa mistari na uunde picha. Hesabu madoa yaliyosalimika. Halafu geuza: ubongo usio na doa, hesabu madoa yaliyozuka. Njia isiyopita jaribio hili isiguse mtoto.

Faida iliyopo ni kubwa mno kuiacha kwa woga. Ng'ambo ya Ruvuma, kupitia Msumbiji hadi Blantyre, Malawi, watafiti walitumia MRI yenye sumaku ndogo ya tesla 0.35 kuwapiga picha watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo tangu siku ya kulazwa, kati ya 143 walionusurika, 39 tu. Sumaku ile ndogo ilitosha kubadili namna ugonjwa huu unavyoeleweka.

Na sumaku zinazidi kuwa ndogo. Zipo za tesla 0.064, zinazosukumwa kwa magurudumu hadi kitandani, zisizo na heliamu wala chumba maalumu. Mlio wake ni dhaifu sana, ndiyo maana uundaji wa picha hubeba mzigo mkubwa zaidi humo. Kwa pwani yetu kuna mambo mawili ya kuangalia. Sumaku ya kudumu ya neodimiamu hupoteza kama asilimia 0.1 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwenye megahezi 2.7 hiyo ni karibu kilohezi 3. Umeme ukikatika, kiyoyozi kikazima, sumaku ikapanda joto kwa nyuzi 5, mlio unahama kama kilohezi 13.5 na picha inapinda. Mashine itafutiwe masafa yake upya kabla ya kila mfululizo, na joto la chumba liandikwe. La pili ni kelele ya nje: mota ya feni, chaja ya simu, taa mbovu, vyote huchora mstari wa nukta nukta kama zipu. Koili ya pembeni inayosikiliza kelele peke yake husaidia kuitoa kwa hesabu, lakini kuchomoa chaja ni rahisi zaidi. Kwenye vyumba vya sumaku kubwa, chumvi ya bahari hula vidole vya shaba vya kingo za mlango, na zipu hiyohiyo huweza kujitokeza kabla kutu haijaonekana kwa macho.

Nimesema nitarudi kwenye data ghafi. Kipimo kimoja cha ubongo mzima, 256 kwa 256 kwa 192, koili 16, baiti 8 kwa kila namba, ni kama gigabaiti 1.6. Picha iliyokamilika ya kipimo hichohicho ni megabaiti 25. Mashine hutunza picha na kufuta ghafi diski inapojaa, wakati mwingine ndani ya siku chache. Kila ghafi inayofutwa huku kusini ni ubongo wetu kuondolewa kwenye mafunzo ya mitandao itakayotumika kwetu kesho. Kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 1.6 huchukua kama dakika 43 kusafiri. Diski ya terabaiti 1 hubeba vipimo 600 hivi. Kibali cha maadili na ridhaa ya mzazi vipatikane kwanza. Jina litolewe kwenye taarifa za mwanzo wa faili, na kwa kuwa kipimo cha ubongo mzima hubeba pia pua, macho na midomo inayoweza kumtambulisha mtu, sura ifutwe kwenye picha, na ghafi yenyewe ifungwe kwa nywila. Kisha pembeni ya kila faili ziandikwe nguvu ya sumaku, idadi na aina ya koili, muda wa kila mstari, mpangilio wa mistari iliyorukwa, joto la chumba, umri wa mtoto kwa miezi, na himoglobini yake siku hiyo.